Ugoro wa Mama Pindo na Koti la Fundi Meno

Mdomo wa Mama Pindo ulifanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Upande wa kulia ulishika pini, upande wa kushoto ulihifadhi ugoro, na katikati palibaki kinjia chembamba cha kupitishia maneno. Ndiyo maana asubuhi hakuwa msemaji. Wateja waliowahi na nguo zao walijibiwa kwa "mm" na "mm-mm," nao wakatoka wakimsifu: mwanamke yule ana heshima zake, hana domo. Laiti wangejua kwamba domo analo, ila limejaa!

Alikuwa fundi cherehani wa nguo za harusi, mjane wa miaka hamsini na mitatu, mwenye chumba cha kazi chini ya jengo la ghorofa, dirisha moja likitazama mtaa na jingine likitazama ukuta. Jina la Mama Pindo walimpa wateja wenyewe, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyejua kukunja pindo la gauni kama yeye. Ungeligeuza gauni mchana kutwa usione sindano ilipopita.

Ugoro aliuanza akiwa na miaka ishirini na miwili, katika kiwanda cha nguo, zamu ndefu, mashine zikinguruma na usingizi ukimnyemelea. Mwenzake wa mashine ya jirani alimmiminia kidogo kiganjani. "Weka hapa, chini ya mdomo, uone kama utasinzia tena." Hakusinzia. Alitapika kwanza, kisha akachangamka, na kesho yake akaomba mwingine. Kiwanda kikafungwa. Mume akaja, wakazaa binti mmoja, mume akafariki. Ugoro ukabaki. Miaka thelathini na moja walikuwa pamoja, muda mrefu kuliko ndoa yake.

Aliuweka kwenye kopo la vifungo, na chini ya cherehani palikuwa na mkebe wa kutemea uliofunikwa vipande vya kitambaa. Hakuna aliyejua. Au ndivyo alivyodhani.

Lakini kitu hakikai mahali pamoja miaka thelathini bila kuacha alama. Fizi za upande ule zilikuwa zimerudi nyuma kama pamba iliyofuliwa kwa maji moto. Meno mawili ya chini yalikuwa yamekwenda zake, moja likiwa limebaki kwenye kipande cha mkate. Na ndani ya mdomo, pale ugoro ulipolala, palikuwa na mahali pakavu pakavu. Ulimi ukipita ulihisi umegusa bitana ya koti. Hapakuuma. Na kisichouma nani anakitafuta? Alichofanya ni kuziba mdomo kwa kiganja kila alipocheka, na watu wakamsifu tena: tazama mwanamke mwenye haya!

Ndipo akaja Fundi Meno.

Huyu alikuwa bwana mrefu mwembamba, aliyefiwa na mkewe, ambaye alitengeneza meno ya bandia katika chumba kilichotazamana na kliniki, mitaa miwili kutoka pale. Jumatatu alileta koti lake jeupe la kazi, mfuko umechanika. Mama Pindo akaushona. Jumatano akarudi: mfuko wa pili. Ijumaa akarudi tena: ule wa kwanza.

Mama Pindo aliugeuza mshono ule mkononi. Mshono wake hauachii. Wasichana wamecheza ngoma usiku kucha na magauni yake na hakuna uzi uliokatika. Huu ulikuwa umefumuliwa kwa wembe, uzi mmoja mmoja, kwa subira kubwa.

Alitema pini kiganjani. "Fundi, huu mfuko unachanika au unachanwa?"

Fundi Meno alitazama dari kama anayetafuta jibu kwenye balbu. "Unasaidiwa kidogo," alisema.

Basi! Wiki ile Mama Pindo hakukanyaga ardhi. Aliimba akipiga pasi. Alikata bitana ya bluu kwa gauni jeupe. Alisimama mbele ya kile kioo kirefu cha wateja akajiambia kwa sauti, "Wewe mwanamke, na uzee huu, bado kuna mtu anaharibu koti kwa ajili yako!" Akajigeuza akatazama na mgongo, asije akawa amesahau sehemu.

Fundi Meno naye akawa hana hata haja ya kisingizio. Alikuja saa yake ya mapumziko, akakaa kwenye kigoda cha kupimia wateja, magoti yakimfika kidevuni, akasimulia. Siku moja alisimulia habari ya mzee mmoja aliyerudisha meno yake akilalamika kwamba yanamfinya. Fundi akayapima, akayapiga msasa, mzee akaenda. Kesho yake akaja mke wa mzee: yake yanampwaya! Akayaongeza kidogo, bibi akaenda. Wiki nzima wakapishana mlangoni, huyu yanabana, huyu yanapwaya, mpaka Fundi alipowaweka pamoja kwenye benchi akawaambia wabadilishane. Kumbe walikuwa wakiyaloweka kwenye bakuli moja!

"Na unajua bibi alisemaje?" Fundi Meno alinyoosha kidole. "Alisema, 'Ndiyo maana wiki hii nzima maneno yanayonitoka ni ya kipumbavu!'"

Mama Pindo alikuwa ameshika gauni la bibi harusi kwa mikono yote miwili, kitambaa chepesi kisichotaka kuangushwa. Hakuwa na mkono wa kuziba mdomo. Alicheka alivyo, kichwa nyuma, mdomo wazi kama mlango wa duka asubuhi.

Fundi Meno aliacha kucheka. "Fungua tena," alisema.

"Nifungue nini?"

"Mdomo."

"Fundi wewe! Hata hatujajuana vizuri!" Na katika kuufunga mdomo haraka, akaumeza ule ugoro wote, na mate yake.

Kwikwi ya kwanza ilimrusha kitini. Ya pili ikamtoa jasho. Kisha sanamu la kuvalishia magauni likaanza kumzunguka polepole, na dirisha la mtaani likahamia ukutani. "Ama kweli nimependa," aliwaza Mama Pindo huku akiyumba. Mara akakimbilia ndoo. Hayakuwa mapenzi.

Alipoinua uso, Fundi Meno alikuwa amemshikia kikombe cha maji. Alisema taratibu, "Una utando mweupe ndani ya mdomo, palepale unapoweka ugoro. Mimi si daktari, mimi mtu wa meno ya bandia tu. Lakini nimetazama midomo ya watu miaka ishirini na tisa. Wapo niliowatengenezea meno na hawakuyavaa hata mwaka. Nenda kesho ukaonwe."

Aibu ikigeuka hasira ina mbio. Miaka thelathini na moja ya siri, na mtu anaisoma kwa kicheko kimoja! Mama Pindo alimtoa nje yeye na koti lake.

"Mficha maradhi..." alianza Fundi Meno akiwa kizingitini.

"Najua inavyomalizika!" akafoka, na mlango akaubamiza.

Asubuhi alichukua kioo kidogo, akasimama dirishani penye mwanga, akavuta mdomo wa chini. Hakuwahi kupatazama pale. Palikuwa peupe, na mikunjo mikunjo kama wanga uliokaukia kwenye kola, na pembeni kidoa chekundu. Alipafuta kwa kitambaa. Hapakufutika. Akakaa kitako kwenye furushi la vitambaa, na asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza, hakufungua kopo la vifungo.

Ikabidi amwambie bintiye, mwalimu wa hesabu, mtu asiyependa jibu lisilo na njia. Alimkuta nyumbani kwake akisahihisha madaftari.

"Mwanangu, kuna jambo nimekuficha tangu uzaliwe."

Binti aliweka kalamu chini. "Ni habari ya ugoro?"

Mama Pindo aliziba mdomo kwa kiganja.

"Mama, mimi najua tangu darasa la tatu. Nilikuwa natafuta kifungo."

"Na hukusema kitu!"

"Nilidhani unajua kwamba najua."

"Mimi nikitema kwa kuvizia kama mwizi, kwenye nyumba ambayo kila mtu anajua!"

"Baba pia alijua. Alikuwa anakohoa kabla ya kuingia, ili upate nafasi ya kutema."

Hapo Mama Pindo akaanza kucheka, na binti akafuata, wakacheka mpaka madaftari yakaporomoka. Katikati ya kicheko mama akaona binti anafuta machozi, na si ya kucheka. Wakaondoka pamoja kwenda kliniki.

Daktari wa meno alikuwa msichana mfupi mwenye sauti ya mkato. Alimlaza kwenye kiti, akamulika taa, akavuta mdomo huku na huku, akabonyeza shingo chini ya taya kutafuta uvimbe.

"Muda gani unatumia?"

"Thelathini na moja. Lakini daktari, mimi sivuti sigara. Hata moshi wa jikoni siupendi."

"Watu wengi husema hivyo, mama. Hudhani ubaya wa tumbaku uko kwenye moshi. Sumu iko kwenye tumbaku yenyewe. Mvutaji ameikaribisha kwa mlango wa mbele. Wewe umeifungulia mlango wa nyuma, ukaitandikia na kitanda." Alionyesha kwenye kioo. "Imekula ufizi, meno yakakosa pa kushika. Na huu utando ni ngozi inayojaribu kujikinga. Wakati mwingine unabaki hivi hivi. Wakati mwingine unageuka saratani: ya mdomo, na tumbaku hiihii huleta hata ya koo na ya kongosho. Kwa macho siwezi kujua. Nitakata kipande kidogo kikapimwe."

Kisha alimpima shinikizo la damu, akakunja uso, akapima tena. "Liko juu. Na mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Hiyo ndiyo kazi ya nikotini iliyo kwenye tumbaku."

Mama Pindo aliinuka kwenye kiti. "Kwa hiyo moyo ukinidunda, ni ugoro?"

"Inawezekana sana."

"Haiwezi kuwa... mtu?"

"Mtu gani?" aliuliza daktari.

"Ehee, mtu gani, mama?" aliuliza binti, naye akasogeza kiti.

Majibu yalichukua siku kumi na mbili. Hofu ilimfanya Mama Pindo mwepesi kama karatasi. Alicheka hata na pasi. Siku ya tatu alichukua sindano na uzi, akavuka mitaa miwili, akaingia kwa Fundi Meno bila kubisha. Pande zote meno yalimkenulia kutoka kwenye rafu, safu kwa safu. Fundi alikuwa amevaa lile koti, mfuko unaning'inia.

"Simama hivyo hivyo," alisema, akaushona mfuko koti likiwa mwilini. "Nimekwenda."

"Najua. Daktari aliniambia kuna mama amemuuliza kama moyo unaweza kudundishwa na mtu."

Sindano ikaingia mahali pasipotakiwa. Fundi Meno akaruka, safu moja ya meno ikaanguka chini, nayo ikaendelea kukenua.

Siku ya kumi na mbili daktari aliwaita mama na binti. Alisoma karatasi, akasema, "Si saratani. Lakini..."

Hakumaliza. Mama Pindo alikuwa amemkumbatia na kumnyanyua, viatu vyake vikielea juu ya sakafu.

"Nishushe, mama. Sijamaliza."

Akamshusha.

"Seli zimeanza kubadilika. Zilikuwa njiani. Tutapakata pale pote, na utakuja nikutazame kila miezi mitatu. Na hayo yote ni kazi bure kama utaendelea na ugoro. Ukirudia, huenda na utando utarudi, na safari ijayo majibu yaweza kuwa mengine."

"Naacha leo," alisema Mama Pindo.

Kusema ni rahisi. Ule utando daktari aliukata kwa muda wa saa moja, na kidonda kikapona kwa wiki chache; lakini ugoro haukukatwa kwa kisu. Siku za mwanzo kichwa kilimgonga, mikono ikatetemeka, na ulimi ukawa unakwenda upande wa kushoto kila mara kama mbuzi anayerudi kwenye zizi lililovunjwa. Alitafuna karoti. Alitafuna chingamu. Alitafuna kipande cha tangawizi mpaka macho yakamtoka. Alimgombeza bintiye kwa sababu ya mlio wa chaki. Siku ya sita alipiga magoti kukunja pindo la bibi harusi mmoja, mawazo yakiwa mbali, na msichana alipoondoka kwenda kujitazama kwenye kioo, Mama Pindo akaondoka naye kwa magoti. Alikuwa amelishona gauni na aproni yake mwenyewe.

"Mama, unanifuata?" aliuliza bibi harusi.

"Nakusindikiza," alijibu Mama Pindo kutoka sakafuni, na wote wawili wakaangua kicheko wakashindwa kufumua.

Siku ya kumi na tisa alianguka. Mteja mmoja alimtukana kwa kazi ambayo haikuwa na kasoro, na kabla hajajua, alikuwa amesimama kwenye kibanda cha pembeni akinunua ugoro. Aliuweka mdomoni, upande wa kulia, kama kwamba upande wa kulia hauna habari. Ulikuwa mtamu. Hilo ndilo lililomtisha. Alitegemea utakuwa mchungu, kama katika hadithi za watu walioacha. Kumbe ulimpokea kama rafiki aliyemngoja. Aliutema, akasukutua, akaenda moja kwa moja shuleni kumwambia binti, kisha kwa Fundi Meno.

Alitegemea kuhubiriwa. Fundi Meno aliendelea kusugua jino mkononi. "Siku kumi na nane hazijapotea," alisema. "Wewe ukikosea mshono unafumua gauni zima?"

"Nafumua pale nilipokosea."

"Haya basi."

Akaanza upya. Safari hii alimwomba daktari msaada, akapewa bandiko la kubandika kwenye ngozi, la kupunguza hamu, na akawaambia wateja wake wote, ili asipate pa kujificha. Wakawa wanamchunga kama mtoto. Akikaa kimya tu, mtu anauliza, "Mama Pindo, sema neno tukusikie!" Naye akasema neno, na la pili, na la mia. Hapo ndipo mtaa ulipogundua kwamba yule mwanamke asiye na domo, lo, analo, tena la maana!

Bandiko lilipokwisha muda wake, na shinikizo la damu limeshuka mpaka daktari akatabasamu, Fundi Meno aliingia siku moja chumbani mwa Mama Pindo na mwavuli unaochuruzika. Mama Pindo akaweka kiganja kifuani. Moyo ulikuwa unakwenda kama cherehani iliyokanyagwa mpaka mwisho.

"Ni wewe!" akapiga kelele. "Si ugoro! Ni wewe!"

Mteja aliyekuwa anavaa nyuma ya pazia alitoa kichwa. "Hongereni," alisema, akakirudisha.

Ikabaki habari ya meno mawili. Kidonda kilikuwa kimepona kabisa, na daktari akaruhusu Fundi atengeneze. Katika kuchagua rangi, Mama Pindo alimsumbua nusu saa. Alizipeleka sampuli dirishani, akazirudisha, akazifananisha kama anayetafuta uzi wa kufanana na hariri. "Hili jeupe mno, litaonekana geni. Hili la mnywaji chai. Hili hapa." Kisha akaketi. Fundi Meno alikoroga ule uji mzito wa waridi wa kuchukulia alama, akaujaza kwenye kibao cha chuma chenye umbo la kwato, akaupachika mdomoni mwake.

"Dakika tatu," alisema. "Usitikisike, usiseme."

Alivuta kigoda, akaketi mbele yake, akajifuta mikono. "Nimengoja wakati huu maalumu, kwa sababu najua nikikuuliza siku nyingine utanijibu kabla sijafika mwisho. Mimi naishi peke yangu miaka tisa. Nyumba ina vyumba vitatu, na chumba chenye mwanga kinakaa bure, cherehani ingekaa dirishani. Napika vibaya, nakoroma kidogo. Nataka unioe. La, nataka nikuoe. Yote mawili sawa."

"Mmm! Mm-mm! Mmm!" alisema Mama Pindo, macho yamemtoka, mikono ikipepea.

Uso wa Fundi Meno ulisinyaa. "Nimeharakisha. Najua. Na binti yako... binti yako atasemaje..."

"Mm-MM!" Akagonga mkono wa kiti. Akanyoosha kidole kwake, akanyoosha kwa nafsi yake, akapiga makofi, akaonyesha koo.

"Unasema bora ujinyonge?"

Dakika tatu zikaisha, uji umeganda, kibao kikatoka kwa mlio wa kizibo cha chupa.

"Nilikuwa nasema ndiyo!" Mama Pindo alipata pumzi. "Na kwamba ule uji umeteremka kooni unanikaba! Mwanamume gani anachumbia mtu huku anamziba pumzi?"

Wakafunga ndoa baada ya wiki tano. Gauni alishona mwenyewe, na pindo lake alilifumua mara nne kwa sababu mikono ilikuwa inacheka.

Habari zikaenea, na wanawake wakaanza kuja kwa Mama Pindo bila nguo ya kushona. Walifunga mlango nyuma yao, wakazungukazunguka, kisha mmoja mmoja akavuta mdomo wake: nitazamie na mimi. Hakuwatazamia; aliwavalisha kanga na viatu akawapeleka kwa daktari. Wengi walikuwa na fizi tu zilizochoka. Mmoja, muuza vitambaa wa duka la tatu, rafiki yake wa miaka mingi, alikutwa saratani imekwisha kuingia ulimini. Alikatwa, akapigwa mionzi, akaishi, lakini maneno yake sasa yanatoka yakichechemea, na Mama Pindo ndiye anayemwelewa kuliko wote. Kila Alhamisi huketi pamoja, mmoja akishona, mwingine akisema polepole, na hakuna anayemharakisha.

Mwaka wa pili wa kutazamwa, mume alimsindikiza. Walikaa kwenye benchi la kungojea, na katika kungoja Fundi Meno akaanza kumnong'oneza habari ya mteja aliyeomba meno yenye pengo, ili ndugu zake wamtambue. Ukumbi mzima ukasikia kicheko cha Mama Pindo. Muuguzi akatoa kichwa mlangoni, akaweka kidole mdomoni. Wakanyamaza. Wakatazamana. Wakapasuka tena.

"Nyie wawili," alisema muuguzi, "kangojeeni nje."

Wakatoka wakishikana mikono, yeye akisema, "Ni wewe," na mumewe akisema, "Mimi? Mimi nilinong'ona," mpaka daktari alipofungua dirisha akamwita Mama Pindo, zamu yake imefika.